Siku Hiyo Utavaa Nini?

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, nna mtihani wa mwisho wa skuli unaoningoja, na magoti yangu yamechoka kwa kukimbia baina ya karakana ya Babu na ukumbi wa Bibi kila likizo tangu nilipokuwa mdogo kuliko nyinyi. Mtu akifanya kazi mpaka akawa anasikia sauti ya msasa usingizini, huyo ana haki ya kustaafu. Mama anasema, "Wewe ulikuwa ukisaidia tu." Kusaidia! Aje yeye asaidie.

Sasa nasikia Shemsa ndiye atakayeshika nafasi yangu likizo hii, na nyinyi wajukuu wengine wa Sur na Samail mtakuwa mnaingia mnatoka mkidhani pale Ibra ni pahala pa kuchezea. Basi kaeni niwaelezeni kazi, maana Babu hatakuelezeni. Babu akisema maneno manne kwa siku anaona ametoa hotuba ya Idi.

Kwanza, Babu hatengenezi bunduki. Acheni kuwaambia watu skuli kwamba babu yenu anatengeneza bunduki, mtatuletea polisi. Babu ni seremala. Alizaliwa Unguja, akajifunza kuchonga viti na vitanda, na alipokuja huku Uarabuni akakuta kila nyumba ina bunduki ya zamani ya marehemu babu yao, na kila bunduki inamuumiza anayeipiga. Akaona riziki hiyo. Kazi yake ni kukivalisha kitako, yaani ule mti wa nyuma unaokaa begani, kiwe sawa na mwili wa mwenye bunduki. Yeye mwenyewe hujiita fundi cherehani wa bunduki, na akishasema hivyo hucheka peke yake.

La pili, na hili mlishike, maana wateja wote wa dunia hawalijui na wameniondolea uhai wangu: teke la bunduki, ule msukumo wa nyuma inapolia, haliondoki. Likishatoka limetoka, lazima liende pahala. Kazi ya fundi ni kulichagulia pahala pa kwenda. Likitua kwenye kile kishimo cha bega, chini ya mtulinga, mwili wote unalipokea na wewe unarudi nyuma kidogo tu kama mtu aliyeitwa. Likitua kwenye mkono, utakula kwa mkono wa pili wiki nzima. Ukaweka na shavu mbali na mti, ukidhani unajihami, ndiyo unaupa mti nafasi ya kuja kukupiga kofi. Shavu linabanwa. Bega linabanwa. Kila kitu kinabanwa. Nimeyasema maneno haya mpaka naweza kuyasema huku nasuka nywele.

Lakini nani anasikia? Mnamkumbuka Ahmed wetu wa Samail alivyokuja na simu yake? Ana video ya Mzungu ameshika bastola ya kuwindia, zile za risasi kukaa ndani ya kigurudumu kinachozunguka, kubwa kama birika la kahawa. Ati Babu amchagulie kama hiyo, akiwa mkubwa. Wallahi hakuuliza uzito wala mpini, yeye aliuliza ipi inapiga nguvu zaidi. Babu akainuka. Akampa nyundo kubwa, akamwambia aishike mbele, mikono imenyooka, mpaka yeye Babu amalize kikombe chake cha kahawa. Kikombe cha kahawa mnakijua, ni kidogo kama ganda la yai. Ahmed alianza kutetemeka kabla Babu hajapuliza.

"Mpini mwembamba unakuuma kiganja," Babu akamwambia, "mnene unakushinda vidole. Bastola kama ile, ikiwa nyepesi inapiga teke zaidi kuliko nzito. Ya kasiba ndefu, yaani mtutu, inainuka kidogo kuliko ya kasiba fupi. Na weye umetazama rangi." Halafu akamalizia kwamba kibali cha kitu kile hapa hapewi hata akilia. Ahmed akanuna mpaka chakula cha mchana, akala wali wetu wote kwa hasira.

Basi kuna suali moja ambalo Babu humuuliza kila mwanamume anayeingia karakanani, kabla hajashika futi ya kupimia: "Siku hiyo utavaa nini?" Wanamuona mzee amechanganyikiwa. Lakini yule bwana wa Jabal Akhdar, aliyekuja kupimwa Ibra na kanzu nyepesi ya joto, alijibu, "Hivi hivi nilivyo." Siku ya kupiga shabaha huko kwao mlimani baridi ikamvisha koti kubwa juu ya kanzu. Koti likaifanya bunduki kuwa ndefu, kitako kikashindwa kufika begani, kikatua mkononi. Akateremka mlima mzima kuja kutulaumu, mkono umekuwa rangi ya biringani. Babu akamuuliza, "Ulivaa nini?" Yule bwana akaanza kusema habari nyengine. Wako hivyo wote. Mnapima, mnarekebisha, halafu mtu anakwenda kubadilisha mwili wake dukani.

Sasa mje kwenye kisa cha Bi Zuwena, maana ndicho kilichonistaafisha.

Bi Zuwena ni mwalimu wa skuli ya hapa Ibra, mwembamba, ukimuona kwa ubavu unamtafuta. Yeye na Bibi wamejuana kwenye suku la Jumatano, lile soko la wanawake watupu, wakigombania kitambaa kimoja. Watu wake ni wa Samad Ash Shan, lakini baba yake alikulia Unguja, na yeye kazaliwa huko, kaja huku mdogo. Baba yake alikufa mwaka jana. Hakuwa na mtoto mwengine.

Siku moja akaja nyumbani na kitu kirefu kimefungwa shuka. Akakilaza juu ya zulia la Bibi, akakifungua. Bunduki ya zamani, ya risasi moja moja, ndefu kuliko miye, kitako kimevalishwa pete za fedha toka juu mpaka chini. Kwao wanaiita Baghla, yaani nyumbu jike, na hawakuipa jina hilo kwa uzuri wa macho, ni kwa mateke.

"Ami Nassor," akamwambia Babu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni anatazama chini kwa heshima, "kwetu bunduki hii hairithiwi kwa mafungu. Inakaa na yule wa ukoo anayeweza kuipiga siku ya pili ya Idi, mbele ya watu wote, akaangusha kopo. Baba alikuwa akiangusha kila mwaka. Sasa mtoto wa ami yangu, Hilal, anasema miye mwanamke, tena bega langu kama la kuku, niiache tu."

"Na yeye anaipiga?" Babu akauliza.

"Anaipiga. Anataka kuitundika kwenye hoteli yake kule mlimani, pale pa kupokelea wageni, karibu na mashine ya kahawa." Akalikunja shuka. "Baba alikuwa akiipangusa kila Ijumaa, miye namshikia kitambaa. Watu watapiga nayo picha, Ami."

Babu akakohoa. Akaingiza kidole ndani ya bunduki kuhakikisha haina risasi, kama anavyofanya kila mara, hata umwambie nini. Akaipima kwa macho. "Ndefu kwake. Tukate mti kidogo nyuma."

"Haikatwi," akasema Bi Zuwena.

Maana kila aliyeishika Baghla ameongeza pete yake ya fedha, na hapana aliyetoa ya mwenzake. Pete ya mwisho, kule nyuma kabisa, ni ya baba yake. Ukikata mti, unaitoa ile. Sasa fikirini: bunduki ndefu, haikatwi, na ukiiwekea kitu laini nyuma unaifanya ndefu zaidi. Wateja wetu hao! Wanakuletea punda wanakwambia mpunguze masikio bila ya kumgusa.

Kupima. Hapa ndipo magoti yangu yalipokufa. Bi Zuwena si wa kwetu kwa damu, Babu hawezi kumshika mkono na bega kumpima. Basi Babu akakaa karakanani, Bibi na Bi Zuwena ukumbini, pazia katikati, na miye ndiye simu.

"Mwambie ainue kiwiko!" Babu akapiga kelele.

"Bibi, ainue kiwiko."

"Mwambie babu yako," Bibi akasema na pini mdomoni, "nimewashonea magauni nusu ya wanawake wa Ibra kabla yeye hajajua futi inashikwa wapi."

"Babu, ameinua."

Ikawa hivyo mpaka alaasiri. Toka mkunjo wa kiwiko mpaka kidole cha kuvutia kifyatuo. Toka shavu mpaka bega. Babu akauliza shingo, Bibi akauliza kwani anataka kumnunulia mkufu. Nikafika pale Babu anapoandika hesabu zake kwenye ubao wa mti, nikamkumbusha: "Babu, nimuulize siku hiyo atavaa nini?"

Akanitazama kama nimevitia viatu vyangu ndani ya sufuria ya wali. "We mtoto! Mwanamke wa watu anaulizwa nguo zake? Haya huna?"

Basi. Khalas. Suali lile lile analowauliza wanaume wote kutoka Sur mpaka Nizwa, likafungiwa mdomo. Nami nikafunga wangu, maana ningefanya nini? Nilikuwa mfanyakazi tu.

Babu akashona kofia ya ngozi ya kuvishwa kitako, ya kufungwa kwa kamba, haigusi pete hata moja. Ndani akatia vipande vya risasi, namaanisha ile metali yenyewe, ili bunduki iwe nzito nyuma na teke lipate kitu cha kusukuma kabla ya kumfikia mtu. Kwenye pahala pa bega hakutia pamba. Pamba nyingi ni godoro, inaongeza urefu, halafu teke linaipita kama haipo. Urefu wa bunduki alisema Bi Zuwena ataumaliza kwa kusimama vizuri; yeye akataka kitu chembamba lakini kigumu kidogo. Akazunguka nyumba nzima anatafuta. Siku ya pili Bibi akawa anatafuta kandambili zake.

"Nassor!"

Babu hajajibu mpaka leo. Lakini raba ya kandambili ilikaa pale kama imezaliwa humo.

Kisha ngozi ya juu, ya mbuzi, akaipaka nta akaisugua mpaka unaona uso wako. Hawafanyii wanaume hivyo. "Kazi ya mwanamke iwe safi," akasema. Likumbukeni hilo.

Mafunzo tulifanyia ukumbini kwa Bibi, bunduki tupu, maana risasi za Baghla ni za kutafuta kama dawa, Bi Zuwena alikuwa nazo chache za marehemu baba yake na hazikutaka kupotezwa. Basi teke nilikuwa miye. Bi Zuwena anasimama, kavaa gauni lake la nyumbani na kanga begani, analenga mto wa Bibi juu ya kabati. Akivuta kifyatuo, miye niliyesimama ubavuni naisukuma bunduki irudi nyuma kwa nguvu zangu zote.

"Miguu, Bi Zuwena! Mguu wa kushoto mbele, na egemea mbele. Unaegemea nyuma kama umetukanwa."

"Naegemea nyuma kwa sababu unanisukuma."

"Ndiyo kazi yangu. Shavu!"

"Shavu limebanwa."

"Limebanwa vipi, naona mwanga hapo katikati!"

Miye ninamfokea mwalimu. Hilo peke yake lilikuwa mshahara. Lakini mwishoni mwa mwezi nilikuwa nikisukuma Baghla haitikisiki, imekaa kwenye bega lake kama imegandishwa. Bibi akapiga vigelegele. Babu upande wa pili wa pazia akauliza kuna harusi gani.

Siku ya pili ya Idi tukaenda Samad, gari mbili. Watu wametandika mazulia kwenye uwanda nje ya mashamba ya mitende, wanaume upande huu, wanawake upande ule, halua na kahawa zinatembea. Kopo la samli limewekwa juu ya jiwe, mbali, mbele ya kilima. Kila mpigaji ana risasi mbili. Hilal akapiga kwanza, kwa bunduki yake mwenyewe, kuonyesha tu, akaangusha kopo lake kwa ya kwanza, akatabasamu kama mtu anayeombwa picha. Wakasimamisha jengine.

Bi Zuwena akateremka garini.

Kavaa buibui jipya. Jeusi, linang'ara, yale ya kitambaa kinachomiminika kama mafuta, limetariziwa mabegani. Siku kubwa, mbele ya ukoo mzima, ulitaka avae nini? Nikalitazama lile bega, nikaitazama ngozi ya Babu ilivyosuguliwa: utelezi juu ya utelezi. Lakini ameshasimama. Mguu mbele. Shavu limebanwa, nakula kiapo, limebanwa.

Ikalia.

Kitako kikateleza toka begani kama sabuni mkononi, kikampiga juu ya mkono. Vumbi likaruka kwenye kilima, mbali na kopo kiasi cha kuonea huruma. Wanawake wakasema "La hawla." Bi Zuwena hakulia wala hakuilaumu bunduki, alijishika mkono tu.

Na Hilal akaja kwa upole. Hakuna kitu kinachoniudhi kama mtu anayekushinda kwa upole. "Basi, bint ami, inatosha, usijiumize. Nitaitengenezea sanduku la kioo. Utakuja kuitazama, na kahawa juu yangu."

Nikakimbia garini. Bibi alikuwa ndani, mlango wazi, kiyoyozi kinapuliza jangwa zima.

"Bibi, nipe kanga."

"Kanga gani?"

"Hiyo ya kichwani."

"Mshanichukulia kandambili!"

"Bibi!"

Akaitoa, akajitandia mtandio wake, huku ananung'unika. Kanga yenyewe ya pamba, imefuliwa miaka, inakamata kama ulimi wa paka. Maneno yake siyasemi, ilinunuliwa kwa ajili ya jirani mmoja na jirani yuko hai.

Nikamfikishia Bi Zuwena. Akaitazama, akarudi nyuma hatua moja. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Hiyo siivai hapa."

"Buibui linateleza, Bi Zuwena. Nyumbani ulikuwa na kanga, ndiyo maana ilikaa."

"Najua. Siivai." Akatazama yale mazulia. "Toka nilipokuja huku wananiita Zinjibari, mtu wa Unguja. Nikikosea neno moja la Kiarabu wanalihadithia mwaka. Nimejifunza kusema kama wao, kupika kama wao. Leo nijifunge kanga mbele yao?"

Nilikuwa nimechoka. Mwezi mzima nimekuwa teke. Nikamwambia, "Wakuite Zinjibari mwenye bunduki, au mtu wa Samad asiyekuwa nayo? Fanya upesi, Hilal ameshaanza kupima kioo."

Akanitazama kwa jicho la mwalimu. Nikajua nimepita mpaka. Halafu akaichukua kanga mkononi mwangu, akaikunja mwenyewe mara mbili, akaipitisha begani, akaifunga chini ya kwapa la pili, fundo la jikoni, la mtu anayetaka kukuna nazi. Upande wa wanaume kuna aliyecheka. Bi Zuwena akageuka, akamwambia Hilal, aliyekuwa na kahawa mkononi, kwa Kiarabu cha Samad kitupu, "Shika kikombe chako vizuri."

Akaegemea mbele.

Ikalia, na safari hii haikuondoka begani hata kidogo. Yeye ndiye aliyerudi nyuma, nusu hatua, kama mtu aliyeitwa. Kule mbele jiwe likapasuka, vumbi likapanda, na lilipokaa kopo halikuwepo.

"Limeanguka!" nikapiga kelele.

"Jiwe!" akasema Hilal. "Kapiga jiwe! Kopo limejiangukia!"

Basi zikaanza hoja. Mnajua watu wetu. Kila mmoja ni hakimu. Ami yao mkubwa, Mzee Salim, akanyanyuka kwenye zulia, akakataa gari, akakataa mkono wa mtu, akenda mwenyewe kwa fimbo mpaka kilimani, kwa mwendo ule unaotaka kukutoa roho. Akaliokota kopo. Akalizungusha. Akalisogeza karibu na jicho. Akarudi nalo, kwa mwendo ule ule, na sote tumesimama na jua.

"Halina tundu," akasema Hilal.

"Halina," akasema Mzee Salim. "Baba yake mwaka mmoja alipiga jiwe, kopo likaanguka, na weye ulikuwepo, na ulikula halua yake. Hili lilikuwa limesimama. Sasa limelala." Akampa Bi Zuwena kopo, akakaa, akadai kahawa.

Babu, katika furaha yote ile, alisema sentensi moja tu. "Ngozi niliing'arisha mno." Akaisema kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa.

Baghla iko Ibra ukutani kwa Bi Zuwena. Ina pete mpya ya fedha, mbele kidogo ya ya baba yake, Babu mwenyewe kaivalisha. Imefungwa kanga ya Bibi. Kila Jumatano sukuni Bibi anaidai, na kila Jumatano Bi Zuwena anamwambia, "Kesho, inshallah," na Bibi amebakia na kipande kimoja cha doti, mjane, hakivaliki.

Nikasema basi, hapa nastaafu. Lakini mwezi uliopita nilipita kwa Babu na Bibi kuchukua vitabu vyangu, nikakuta gari ya Hilal mlangoni. Yeye mwenyewe yuko nje amenuna. Kamleta binti yake, ana umri wa Shemsa, kalia siku tatu ati anataka kupimwa bunduki, atasubiri mpaka Bi Zuwena achoke, aishike yeye Baghla. Mtoto wa Samad huyo, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji.

Pazia limeshushwa. Bibi ana futi. Babu karakanani akakohoa, akakohoa tena, akaniona.

"We. Umekuja wakati mzuri. Muulize yule... siku hiyo..."

"Siku hiyo nini, Babu?"

"Hilo unalolijua."

Nikapiga kelele kwa Kiarabu kwenye pazia: siku hiyo utavaa nini? Na yule mtoto, bila ya kufikiri, akajibu kwa neno moja la Kiswahili alilolijua:

"Kanga!"

Kisha sauti ya Bibi, imechoka kama ya mtu aliyekwisha kuibiwa mara mbili:

"Zimebaki za kuswalia tu. Hizo sitoi."